Usilaumu Maziwa, Uliza Ng'ombe Anakula Nini

Wasee, kila maziwa yakipanda bei tunapiga kelele. Pakiti imepanda, chai imegeuka ya rungi, na kila mtu ana wa kulaumu: serikali, kampuni, mabroka. Sawa, lawama zingine ni za haki. Lakini nani amewahi kuuliza yule ng'ombe wa Bahati, Njoro ama Molo anakula nini mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imeisha?

Anakula mabua makavu ya mahindi na nepia iliyokomaa hadi ikawa kama kuni. Kama mwenyewe ana pesa kidogo, anaongeza lishe ya gunia kutoka agroveti. Mabua yanajaza tumbo tu. Maziwa yanataka protini, na mfugaji anainunua hiyo protini kwa kilo. Gunia likipanda bei, anapunguza kipimo na maziwa yanapungua, ama anauza ng'ombe kabisa. Halafu wewe huku Section 58 unashangaa pakiti imefika bei gani.

Msimamo wangu ni huu: mfugaji wa Nakuru anaweza kupanda sehemu kubwa ya hiyo protini mwenyewe, na sisi vijana tunafaa kuyaanzisha haya maneno nyumbani.

Mimea yenyewe ni ya jamii ya kunde: lusini, desmodiamu, klova. Hewa tunayovuta ni naitrojeni karibu asilimia 78, lakini nyasi haiwezi kuitumia ikiwa hewani. Mimea ya kunde inaweza, kwa sababu mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria wanaoigeuza kuwa chakula cha mmea. Ukipanda desmodiamu katikati ya nepia ama Boma Rhodes, ng'ombe anapata majani yenye protini, na nyasi nayo inafaidika polepole mizizi na majani yanapooza. Kumbuka 2022, gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lilipita shilingi 6,000, hadi serikali ikaleta ya ruzuku kwa 3,500. Bakteria hawakupandisha bei.

Na msiniambie ati hizi ni teknolojia za wazungu. Kuna klova nyeupe ya Kenya ambayo asili yake ni nyanda zetu za juu, inamea yenyewe kati ya nyasi ya kikuyu. Hata nyasi ya Rhodes ni ya Afrika. Jina tu ndilo la Cecil Rhodes. Mbegu za lusini zikihitaji bakteria wa kuanzia, kuna Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na inayotengenezwa na MEA hapa hapa Nakuru.

Najua mtasema shamba ni ndogo, kila mtu amebaki na robo ekari. Ni kweli. Lakini kule Embu, ambako mashamba pia yamebanana, watafiti wa ICRAF na KARI walifanya majaribio na wafugaji miaka ya 1990 kwa kutumia kaliandra, kichaka cha hiyo hiyo jamii ya kunde. Waliona kilo 3 za majani mabichi zinafanya kazi ya kilo 1 ya lishe ya dukani. Miche 500 inatosha ng'ombe mmoja mwaka mzima, na inapandwa kwa ua na kando ya matuta, pahali ambapo hakuna mahindi.

Siwadanganyi ati ni rahisi. Desmodiamu inaanza polepole, na miezi ya kwanza usipopalilia magugu yataimeza. Lusini mbichi ikiliwa nyingi kwa mpigo, hasa asubuhi ikiwa na umande, inaweza kumjaza ng'ombe gesi tumboni na kumuua. Inyaushwe kwanza, na achanganyiwe na nyasi kavu.

Wale wa Gilgil na Naivasha wenye malisho makubwa wana shida ingine. Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano. Mifugo wakila nyasi hadi mzizi, mvua moja kubwa inauchukua na kuacha makorongo. Dawa yake si ngeni. Wamaasai wana olopololi, sehemu ya malisho inayozuiliwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Gawanya shamba, lisha upande mmoja, mwingine upumzike.

Kinachoniudhi ni kwamba maarifa tunayo mlangoni. KALRO iko Naivasha na Lanet, Egerton iko Njoro. Lakini mfugaji wa Subukia akitaka vipande vya desmodiamu vya kupanda, anaanzia wapi? Kaunti inayoongea kuhusu mbolea ya ruzuku iongee pia kuhusu mbegu za malisho. Chama cha ushirika kinachomkopesha mfugaji lishe ya gunia na kuikata kwa malipo ya maziwa kinaweza kumkopesha mbegu kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba gunia linaisha wiki hii, na desmodiamu unavuna miaka kadhaa.

Sasa wewe. Shamba ni la mzee, najua, na mzee hataki kuguswa mahindi yake. Usimguse mahindi. Ukienda ushago kabla ya mvua ya Machi, mwombe kipande kando ya ua ama mistari michache ndani ya nepia. Hesabu kilo za lishe ya gunia anazonunua kwa mwezi kabla ya kupanda, halafu uhesabu tena baada ya mwaka. Wazee wetu hawabishani na daftari. Na majirani wakianza kuuliza vipande vya kupanda, uza. Hiyo ni biashara, na hukuhitaji kununua shamba kuianza.