Samaki wa Ziwa Hawatoshi

Wengi huandika juu ya meli na gati la Port Bell. Mimi nataka kusema juu ya chumvi, kwa kuwa naona watu wa hapa tunaidharau.

Mbele ya shingo ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili: moja ina chembe 4 za iodini, yaani madini joto, na ya pili ina chembe 3. Damu huzichukua mwilini kote, nazo huamua mwili utumie chakula upesi au polepole. Zikipungua, mtu huchoka na kuona baridi hata mchana wa jua. Zikizidi, hukonda, hutetemeka na moyo humwenda mbio.

Tezi hiyo haijitawali. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, pituitari, ambayo ni kama mnyapara wake. Homoni zikipungua katika damu, mnyapara huamrisha kazi iongezwe, zikitosha, hutulia. Lakini fundi asiye na matofali atajenga nini? Iodini ikikosekana, amri haziishi, tezi huhangaika mpaka ikavimba. Hilo ndilo rovu. Si uchawi, wala si jambo la kumcheka mtu. Tena lipo baya zaidi: mama mja mzito akikosa iodini sana, ubongo wa mtoto tumboni huharibika, na hasara hiyo haiponi baadaye.

Wenzangu hunijibu, "Sisi twala samaki kila siku, tuna shida gani?" Jibu lao silikubali. Iodini nyingi imo baharini. Ngege na mputa wa maji matamu hawana nyingi kama samaki wa bahari. Tazameni kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, huko Kongo. Maji yamekizunguka pande zote, walakini madaktari waliochunguza huko miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu limeenea. Tena waliona kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huongeza ubaya, maana sumu yake huzuia iodini isiingie katika tezi.

Dawa yake ni rahisi. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na rovu likapungua sana. Uganda nayo sheria yataka chumvi ya kula itiwe iodini. Hesabu ni hii: mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Kilo moja ya chumvi ikiwa na miligramu 30, basi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, zatosha. Wanaoogopa shinikizo la damu wana haki, wasizidishe kijiko hicho. Lakini kidogo wanachokula na kiwe chenye iodini.

Kwa hiyo nasema: tusinunue chumvi ya mafungu isiyojulikana ilikotoka kwa kuokoa senti chache. Tuiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu, maana iodini hupotea. Tuitie mchuzi unapokaribia kuiva. Na mwenye uvimbe shingoni aende hospitali mapema, kwani si kila uvimbe huletwa na upungufu wa iodini. Mficha maradhi kilio humfichua.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubali na alete hoja zake.