Bomba la Maji ni Mali ya Nani?

Mto Mara huanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria. Mwananchi ashukaye mtoni na ndoo yake hamlipi mtu. Sheria ya mwaka 2009 yasema kuwa maji yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Lakini maji yakisha kuvutwa kwa pampu, yakatiwa dawa na kufikishwa Mugumu au Tarime mjini, yana gharama. Hapo ndipo lizukapo swali: bomba ni mali ya nani?

Wapo wasemao kwamba bomba likabidhiwe kampuni binafsi, kwani mwenye mtaji hapendi hasara. Hoja hiyo ina kasoro. Wauza ndizi hushindana kwa sababu mnunuzi aweza kumwacha huyu akaenda kwa yule. Bomba halina mwenzake. Hakuna achimbaye mitaro miwili ili kila nyumba ichague. Nilipokuwa nikisomea udaktari England, ambako mashirika ya maji yaliuzwa mwaka 1989, nililipa kampuni moja tu. Ya pili ya kukimbilia haikuwapo. Kuuza bomba, basi, ni kuhamisha ukiritimba kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Nasi tumekwisha kujaribu. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wabia wa Uingereza, Ujerumani na Tanzania, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali iliuvunja, na mashauri yakaendelea ng'ambo hadi 2008.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba umiliki wa umma peke yake ni dawa. Mwaka 1971 Taifa lilianza mpango wa kuwafikishia maji wanavijiji wote katika miaka 20. Lengo halikufikiwa, na pampu nyingi zilinyamaza kwa kukosa mafuta na vipuri.

Jambo lililo kubwa ni hesabu. Tuseme pampu huvuta ndoo 100 kwa gharama ya shilingi 3,000. Zote zikiuzwa, kila ndoo yatosha shilingi 30. Ndoo 40 zikivuja njiani, zile 60 hazina budi kuuzwa shilingi 50. Mnunuzi amelipia maji yaliyonywewa na udongo, awe mwenye bomba ni Serikali au tajiri.

Mwaka 2022 ilitiwa saini mikataba ya maji ya miji 28, Tarime na Mugumu ikiwamo, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Deni hilo litalipwa pia na wanafunzi wasomao makala haya. Kwa maoni yangu, mabomba yabaki mali ya umma, lakini kila mamlaka ya mji na kila chombo cha maji cha kijiji kibandike ubaoni kila mwezi tarakimu tatu: maji yaliyovutwa, maji yaliyouzwa, na fedha zilizokusanywa.

Walimu wa hisabati na fizikia wanaweza kuanza kesho. Tegeni ndoo chini ya bomba livujalo, tazameni saa, pigeni hesabu ya mwaka mzima, kisha mpelekeeni mhusika. Asiyejua hesabu za mali yake hawezi kujiita mwenyewe.