Nyumba, Kiwanja na Shule ya Mtoto

Mwananchi wa Dar es Salaam anayetafuta nyumba siku hizi haulizi kwanza habari za maji wala za kodi. Kama ana mtoto wa miaka mitano au sita, huuliza: "Hapa shule ni ipi?" Dalali analijua sana swali hilo, naye amekwisha litia katika bei. Sisi hatumlaumu mzazi huyo hata kidogo, maana anatimiza wajibu wake. Lakini yatupasa kuuliza imekuwaje hata mtaa anaokaa mtu ukawa ndio unaoamua mwanawe atafundishwa nini, na akiwa ameketi juu ya nini.

Wazee wetu wanajua mji huu ulivyokatwa mapande matatu wakati wa ukoloni: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Sheria yenyewe ilikuwa na werevu wa ajabu. Haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa mahali fulani, na kila mtu akaelewa. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi ili kuwatenga watu na watu. Na shule zikafuata mtindo huohuo: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha za kila moja mbali. Ukimjua mtoto anakolala, umekwisha jua dawati lake; na kama hana dawati, umejua vilevile.

Tulipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na ilipofika Januari 1962 shule za rangi zikafutwa. Hilo lilikuwa tendo kubwa, na twaona halitajwi vya kutosha. Lakini sheria haihamishi majengo. Shule zilizojengwa kwa mawe, zenye miti ya kivuli na viwanja vya mpira, zilibaki palepale zilipojengwa, na aliyebahatika kukaa karibu nazo akabaki na bahati yake.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtoto aliyechaguliwa kuingia sekondari alifunga sanduku lake la bati akaenda mbali. Wa Kusini alipelekwa Tabora, wa Ziwa akapelekwa Pwani. Anwani ya baba yake haikuwa kitu. Tusidanganyane, nafasi zilikuwa chache mno, na waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko walioondoka. Ndiyo maana ulipoanza mpango wa maendeleo ya sekondari mwaka 2004, na shule zikajengwa katika kata, wananchi walibeba mawe na mchanga kwa moyo. Ada ikaondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha hadi kidato cha sita mwaka 2022. Haya ni mema, wala hatuyabezi. Ila yameleta jambo ambalo halikutazamiwa: shule imeletwa mlangoni, na kwa hiyo mlango wako ndio unaochagua shule.

Na milango hailingani. Utaratibu wa nchi unasema darasa la shule ya msingi liwe na watoto 45. Nendeni Mbagala, nendeni Chanika au Kivule, mkahesabu wenyewe. Jiji hili lilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012; sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao hawakwenda kukaa Oysterbay. Wamekwenda pembeni, ambako kiwanja kinapatikana kwa akiba ya mfanyakazi.

Mfano tunao. Mwaka 2002 Serikali ilianza mradi wa kupima viwanja 20,000 katika jiji hili, huko Buyuni, Mwanagati, Toangoma na kwingineko. Ulikuwa mpango mzuri, na maeneo ya huduma yalitengwa kwenye ramani. Lakini shule iliyo kwenye ramani haimfundishi mtoto kusoma. Mwenye kiwanja alijenga, akahamia, kisha akamwamsha mwanawe usiku wa manane kwenda kugombea daladala, na kondakta hamtaki mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo. Wengine wakaona heri kurudi kupanga vyumba viwili mjini, na nyumba yao wenyewe wakaiacha kwa mlinzi. Wako pia wanaomwandikisha mtoto kwa anwani ya shangazi yake. Twawajua, na hatuwataji.

Mwenye fedha nyingi hasumbuki na haya. Basi la njano linampitia mwanawe getini alfajiri. Mpaka wa kata unamkaba yule wa kati na yule wa chini, ambaye hana namna ya kuununua isipokuwa kwa kuhama.

Wako wanaosema ndivyo dunia ilivyo. Kweli, huko Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya majumba ya mahali hapo, hata nyumba mbili zinazotazamana hutofautiana bei kwa sababu mpaka wa shule umepita katikati ya barabara. Mwaka 1973 Mahakama Kuu yao, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikataa kusema kwamba tofauti hiyo inavunja katiba. Sisi hatuoni kwa nini tuige ugonjwa huo. Hapa mishahara ya walimu wa Serikali hutoka katika hazina moja ya taifa, basi mwalimu anaweza kupelekwa anakohitajiwa. Shida ni kwamba mwalimu naye ni mzazi, naye anatafuta uhamisho kwenda mjini kwa sababu zilezile.

Basi twataka haya kwa halmashauri zote tano za jiji. Kila ofisi ya kata ibandike ukutani idadi ya wanafunzi, walimu na madarasa ya kila shule iliyo chini yake, mzazi aione kabla ya kumlipa dalali. Walimu wapya waanzie palipojaa, na wajengewe nyumba hukohuko. Kiwanja cha makazi kisiuzwe na mamlaka yoyote kabla msingi wa shule haujachimbwa, na maeneo ya shule yaliyovamiwa yarudishwe, hata kama aliyejenga hapo ni mtu mwenye jina. Uandikishaji wa darasa la kwanza hufanywa kabla ya Januari. Tutapita katika ofisi hizo za kata kutazama kuta zake.