ASKARI WA MLANGONI NA JUMBA LA KOMPYUTA



Siku hizi katika Nairobi na Mombasa yako majumba yasiyo na madirisha, na wengi wetu huyapita bila kujua yana nini. Humo ndimo zilimo kompyuta zinazoweka hesabu za benki, fedha za simu na hati za watu. Tangu waya za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, kazi hii imekua upesi. Mali hiyo ina mlinzi, na mlinzi huyo ni mwenzetu.

Wenye majumba hujisifu kwa kamera, mashine za kusoma vidole, na mlango pacha ambao wa ndani haufunguki mpaka wa nje umefungwa. Vizuri. Lakini mashine haijui kumwuliza fundi aliyefika saa nane za usiku ni nani aliyemwita. Hilo lataka mtu, tena mtu aliye macho.

Sasa tufanye hesabu. Wiki ina saa 168. Amri ya mishahara ya kazi ya ulinzi ya mwaka 1998 yasema saa za kawaida za askari zisizidi 52 kwa wiki, katika siku sita. Basi mlango mmoja wataka watu zaidi ya watatu, na ukiongeza likizo na ugonjwa ni wanne. Sisi tumekuta wawili, mmoja mchana na mmoja usiku, siku saba. Ni saa 84 kila mmoja. Zile 32 zilizozidi, nani amezilipa? Na katika juma la tatu la zamu hiyo, alfajiri, ni macho gani yanayotazama hizo kamera za thamani?

Hatufichi kwamba wako wenzetu wachache wanaofungua mlango kwa shilingi mia mbili. Hao Chama hakitawatetea.

Tena hatari si mwizi peke yake. Machi 2021 moto uliteketeza jumba zima la kompyuta la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, usiku wa manane. Tarehe 26 Septemba 2025, huko Daejeon, Korea Kusini, betri za lithiamu ziliwaka wakati wa kuhamishwa. Mifumo ya serikali zaidi ya 600 ikasimama, na mfanya kazi mmoja akaungua. Majumba ya hapa nayo yana betri za kushika kazi umeme ukikatika, yana dizeli, na mengine yana mitungi ya gesi ya kuzima moto. Iko gesi inayozima kwa kupunguza oksijeni. Ikiwa ni kaboni dioksaidi, humwua na mtu aliyebaki chumbani. Askari wetu mmoja alilinda jumba la namna hiyo miaka miwili, akidhani king'ora cha gesi ni cha wezi. Hakuna aliyemwambia.

Mwenye jumba akiulizwa, hujibu kwamba askari ni wa kampuni ya ulinzi. Kampuni nayo hujibu kwamba bei ya mkataba ni ndogo. Jibu la kwanza halifai kitu, maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama wa watu wote wanaofanya kazi humo, awe ndiye anayewalipa au sivyo. Jibu la pili ni shauri lao wawili; askari hakukaa mezani bei ilipopangwa.

Twadai watu wanne kwa kila mlango, mafunzo ya moto na gesi kabla ya zamu ya kwanza, na fundi asiingie chumba cha betri peke yake usiku.

Kila mwanachama anayelinda jumba la namna hii aandike saa zake za zamu kwa mwezi mmoja, siku kwa siku, akamkabidhi karani wa tawi lake. Asiyejua kuandika amweleze karani kwa mdomo.