Ukimya Si Uponyaji: Taarifa za Zamani za Hitilafu katika Programu Huria

Mwaka 2002, iliwasilishwa taarifa ya hitilafu ndogo katika kivinjari kinachojulikana leo kama Firefox: kisanduku cha maelezo kilibaki kwenye skrini hata mtumiaji alipohamia programu nyingine. Hitilafu hiyo ilirekebishwa mwaka 2023. Ilikuwa kero tu. Lakini programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, hazitumiki katika intaneti pekee. OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004, hutunza kumbukumbu za wagonjwa nchini Kenya, Uganda na Rwanda. DHIS2, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za afya za Tanzania. Humo, hitilafu iliyosahauliwa yaweza kupotosha uamuzi wa tiba.

Miradi mingi ya aina hii huendeshwa na watu wachache, aghalabu wa kujitolea. Taarifa huwazidi uwezo, na baadhi ya miradi imeweka programu ya kujiendesha inayofunga kila taarifa iliyokaa kimya kwa muda fulani. Orodha hufupika, ugonjwa hubaki. Ni sawa na kliniki inayoandika kuwa mgonjwa amepona kwa sababu tu hakurudi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo, kuacha kila taarifa wazi milele nako si huruma, kwani iliyo nzito hufichwa na mamia ya nyepesi. Dawa ni ile ya idara ya dharura, ambayo wahandisi wa programu wameiazima pamoja na jina lake: triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Taarifa ya zamani ijaribiwe upya katika toleo la sasa. Hitilafu ikiwa ingalipo, ipewe daraja la uzito, zinazofanana ziunganishwe, itakayofungwa, ifungwe kwa sababu iliyoandikwa, na aliyeileta ashukuriwe.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji ujuzi wa kuandika msimbo. Muuguzi au mtunza kumbukumbu anayetumia programu kila siku ndiye shahidi bora wa hitilafu iliyodumu, mradi asitoe taarifa za mgonjwa yeyote. Hospitali zinazotumia programu hizi bila kulipia leseni ziwatengee watumishi hao walau saa chache kila mwezi. Huo ndio mchango wao katika usalama wa mgonjwa.