Wahitimu wa Nanoteknolojia Waifuate Kazi Iliko

Nanoteknolojia ni elimu ya kuunda na kutumia vitu vyenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Katika udogo huo tabia ya kitu hubadilika: dhahabu huacha umanjano wake ikawa nyekundu. Wekundu huo ndio unaochora mstari katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, vile vinavyotumika hata katika zahanati za vijijini.

Mfano huu yafaa kila mhitimu wa fani hii autafakari. Ni nadra tangazo la ajira katika Afrika Mashariki kuitaja nanoteknolojia kwa jina, na anayelisubiri atasubiri sana. Kazi imejificha ndani ya shughuli nyingine: maji, dawa, vipimo vya hospitali, rangi, betri.

Mlango ulio wazi zaidi ni maji. Kandokando ya Mlima Meru, floridi itokayo kwenye miamba ya volkano huharibu meno ya watoto, na ikizidi hupinda mifupa. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyesomea uzamivu wake Korea Kusini, alibuni chujio linalounganisha mchanga na nanomateriali, nalo huweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 lilishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kijana anayeingia maabara aanze vivyo hivyo, na tatizo la watu anaowafahamu.

Liko pia suala la kinywe, madini yanayopatikana Mahenge na Ruangwa. Kinywe hutumika katika betri za lithiamu, na ndani yake mmelala grafini, utando wa unene wa atomu moja uliowapa Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Kuuza madini ghafi kisha kuagiza betri ni hasara kubwa, na wenye madaraka wanapaswa kuwajengea vijana maabara za kuyasindika.

Tena kuna suala la usalama: chembe za nano, zikivutwa kwa pumzi, zaweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mashirika ya viwango na mamlaka za dawa yanahitaji watu wanaojua kuzipima kabla bidhaa hazijafika sokoni, na nafasi hiyo wahitimu wengi hawaifikirii.