Maumivu nayo yahesabiwe

Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, kamio ya mafuta ilipinduka hapa Sange, kwenye barabara ya Uvira–Bukavu. Moto ulishika nyumba, ukashika na watu waliokuwa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Walikufa zaidi ya 200. Wale tulizika, tukawalilia. Lakini walioungua na kupona, nani anawauliza leo: unalala namna gani?

Kovu la moto linavuta, linawasha, linachoma usiku. Waganga wanasema maumivu yakipita miezi 3 ni ya kudumu. Hayo sasa ni ugonjwa wenyewe, si alama tu ya kidonda cha zamani. Yanaomba dawa yake, mazoezi ya viungo na mtu wa kumsikiliza mgonjwa. Kutoka Sange, kutafuta mtaalamu ni kupanda gari mpaka Bukavu, na pesa ya njia iko wapi?

Mara nyingi rapoti za afya zinahesabu wagonjwa waliopokelewa na vidonge vilivyotolewa. Ni vizuri, lakini haitoshi. Mama anaweza kwenda mara kumi, kupewa parasetamoli mara kumi, na kurudi na maumivu yaleyale. Kwenye karatasi amehudumiwa. Kwake nyumbani, hakuna kitu kimebadilika.

Kupima si mambo ya mashine. Muuguzi amuulize mgonjwa: toka sufuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi? Aandike. Kisha mwezi ukiisha aulize tena: umelala? Umeweza kushika jembe? Dawa ulipata, ao uliambiwa imeisha? Namba ikibaki palepale, huduma ndiyo imeshindwa, si mgonjwa.

Jirani zetu wa Uganda walionyesha kwamba inawezekana. Hospice Africa Uganda ilianza 1993, na tangu 2004 sheria yao inaruhusu wauguzi waliofundishwa kuandika morfini kwa wagonjwa mahututi. Hatusemi kila kovu lipewe morfini, hapana. Tunasema nchi isiyo tajiri iliamua kwamba maumivu ni kazi ya Leta.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa afya: kwenye fishi ya kila mgonjwa muongeze mstari mmoja tu, wa maumivu. Na ninyi wasomaji, mukifika kwa muganga, museme namba yenu bila haya. Kuvumilia si kupona.